Habari za Ndeti Zilivyofika Machakos

Miongoni mwa vijana wa Machakos wapo wanaoujua muda wa mwanariadha Eliud Kipchoge hadi sekunde ya mwisho lakini hawamjui Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos aliyeshinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, na jambo hilo linasikitisha kwa kuwa habari za ushindi wake hazikufika nyumbani kwa urahisi.

Wapo wanaosema ushindi waliousikia redioni ni wa 1993, wengine 1994. Kumbukumbu za mashindano zaonyesha kuwa alishinda miaka yote miwili, na tena 1995, na kwamba rekodi ya Boston ya 2:07:15 aliiweka tarehe 18 Aprili 1994, ila kwa waliosikiliza redio ushindi huo wote ni mmoja. Mbio zilianza adhuhuri kwa saa za Boston, yaani saa moja jioni nchini Kenya, hivyo Ndeti alipomtangulia Andrés Espinosa wa Mexico kwa sekunde nne tu, maduka mengi yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Asubuhi habari ilifikia dukani. Duka la rejareja la miaka hiyo lilinuka mafuta ya taa na sabuni ya mche, na redio ilikaa rafuni ikitumia mawe ambayo mwenye duka aliyaanika juani yalipopungua nguvu, naye aliizima mara taarifa ilipokwisha. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani: aliyoyasikia kwa Kiswahili aliyarudia kwa Kikamba, na kwa kuwa marathoni, mbio za kilomita 42.195, haikuwa na maana kwa mteja aliyefuata chumvi, aliieleza kwa barabara, kwamba ni kama theluthi mbili za safari ya kwenda Nairobi, na mtu ameikimbia kwa saa mbili na dakika chache, bila kupumzika. Magazeti yaliletwa baadaye na matatu, yakapita mikono mingi kabla ya kufungiwa nyama.

Rekodi ya Ndeti ilidumu hadi 2006, Robert Kipkoech Cheruiyot alipoipunguza kwa sekunde moja. Zikaja redio za Kikamba, zikaja simu, na tarehe 12 Oktoba 2019 Kipchoge alipokimbia marathoni mjini Vienna kwa 1:59:40, Machakos iliona kila hatua papo hapo. Kasi hiyo ya habari ni neema. Kinachoudhi ni kwamba mtangazaji wa leo husoma jina na muda, kisha akaweka wimbo, asimweleze mama aliye shambani ukubwa wa jambo lililotendeka, kazi ambayo mwenye duka aliifanya bila malipo.