Baiskeli ya Mirathi: Kutoka Idodi hadi Tukuyu

Kwa miezi minane baiskeli ile ilikaa katika chumba cha nyuma cha msikiti wetu hapa Idodi, imeegemezwa ukutani baina ya jeneza na mikeka ya swala ya Idi. Mwenyewe alikuwa kijana wa Tukuyu, aliyekuja kwetu kufanya vibarua vya kutengeneza majaruba ya mpunga. Aliugua, akapelekwa hospitali, akafariki dunia. Tulimsalia na kumzika, Allah amrehemu. Ujira wake ulilipa madeni yake madogo ya dukani, na kilichobakia kikatumwa kwao kwa simu. Baiskeli haitumwi kwa simu. Kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati, niliiandika katika daftari letu la amana: Phoenix moja, nyeusi, ina keria na kengele, mpira wa breki ya nyuma umechakaa.

Ndugu wasomaji wanaijua aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Nasi tuliijua, na bado miezi ilipita. Mabasi ya kwenda Mbeya ni mengi, lakini wapakia mizigo walitaka kwa baiskeli hiyo fedha inayokaribia nauli ya abiria, na hakuna aliyekuwa tayari kuandika kwamba atalipa ikipinda. Mwishowe nikajitolea kuipeleka kwa kuipanda, na hapo ndipo mashaka ya elimu yalipoanza.

Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia ila kwa idhini ya mwenyewe, na mwenyewe yuko kaburini. Warithi wake ni baba yake mzazi, mjane wake, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote wadogo. Kwa hesabu ya mirathi, sudusi ya baiskeli ni ya mzee, thumni ni ya mjane, na kilichobakia ni cha watoto, mvulana akipata mafungu mawili na kila binti fungu moja. Nilipompigia mzee simu kuomba ruhusa alicheka sana. "Panda tu, mwanangu," alisema, "hapo ilipo inaliwa na kutu." Lakini mzee aliweza kusamehe sudusi yake tu, na mjane thumni yake. Mali ya yatima haina wa kuisamehe. Sheikh wetu akatufungulia njia: babu, akiwa walii wa mali ya wajukuu zake, anaweza kuikodisha kwa manufaa yao. Basi tukapatana ujira sawasawa na fedha waliyoitaka wapakia mizigo, kwa safari ya barabara kuu, hadi mlangoni kwake.

Nikiri hapa jambo ambalo sikumweleza mzee. Tangu nilipokuwa chuoni nilitamani kuiona nchi ya Rungwe. Tulikuwa na mwenzetu kutoka Ngazidja aliyekuwa akitusimulia habari za Karthala, mlima wa moto wenye mita 2,361 katikati ya kisiwa chao, na barabara zinazopita juu ya mawe meusi yaliyokuwa moto wa kumiminika. Wazungu nao husafiri hadi Visiwa vya Kanari kuendesha baiskeli kwenye milima ya namna hiyo, ambako hewa hubaki ya wastani mwaka mzima. Sisi wa Idodi, ambao mwezi wa Oktoba hutuchoma hata kivulini, tunayo milima ya volkano katika nyanda zetu hizi hizi za kusini, na wengi wetu tunakufa bila kuiona. Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai, nilipofunga mkoba kwenye keria, sikuwa na hakika kama nilikuwa napeleka amana au natembea. Nikaitanguliza nia ya kwanza, nikaomba msamaha kwa ile ya pili.

Siku mbili za mwanzo sina mengi ya kuzieleza. Ni vumbi, mibuyu, na kupanda polepole kuelekea Iringa. Kalenga nilisimama kunywa maji tu, ingawa hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Chifu Mkwawa, iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894, na ndipo fuvu lake liliporejeshwa mwaka 1954. Fuvu la mtu mmoja lilichukua zaidi ya miaka 50 kurudi kwao. Nikaitazama baiskeli yangu ya miezi minane, nikaendelea.

Kutoka Iringa hadi Uyole ni zaidi ya kilometa 300 za lami, na mwenye baiskeli hana mahali pake katika barabara hiyo. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita karibu kiasi cha kuvuta kanzu. Nilijifunza kusikiliza nyuma kwa makini, na mawili yanapokutana, kushuka kabisa kwenye nyasi. Mafinga nililala msikitini chini ya blanketi la bilali. Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu, upepo ulinizuia hata katika mteremko, ikanibidi kukanyaga pedeli ili nishuke. Niliswali swala za safari, nikikusanya na kupunguza, na niseme kwamba ruhusa hiyo nimeifundisha miaka mingi madrasa bila kuihisi. Mtu aliyekanyaga pedeli tangu alfajiri anapoambiwa kwamba Adhuhuri yake ni rakaa mbili, huijua huruma ya sheria kwa magoti yake.

Baada ya Makambako barabara huteremka hadi Usangu. Igawa, kisha Chimala: joto likarudi, na pande zote mashamba ya mpunga kama nimefika nyumbani kwa mlango mwingine. Na kweli ni maji yale yale. Mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto hukusanyika Usangu na kuwa Ruaha Mkuu, ule unaopita katika hifadhi iliyo jirani yetu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, na kwetu tumezoea kuwalaumu watu wa juu. Nilikaa juu ya ukingo wa mfereji mmoja pale Chimala na mkulima aliyekuwa akifungulia maji. Aliniuliza nitokako, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ni wa huko yanakoishia." Akanigawia mahindi ya kuchoma. Sikuwa na lawama iliyobaki.

Siku ya sita nilipanda Inyala kwa miguu, baiskeli begani mwangu kama mgonjwa, kwani mteremko ule unajulikana kwa ajali za malori na sikutaka kuwa njiani mwao. Uyole nikaiacha barabara ya Mbeya na Zambia, nikashika ya kusini.

Hapo nchi inabadilika ghafla. Udongo unakuwa mweusi, mwepesi, ukiuponda mkononi unahisi chembe za jiwe jepesi linaloelea majini. Hayo ni majivu na mawe ya volkano. Eneo hili la Mbeya ndipo mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, ule wa Rukwa, ule wa Nyasa na ule wa Usangu, na mahali ardhi ilipopasuka ndipo moto ulipopata mlango. Rungwe wenyewe una karibu mita 2,960. Jirani yake Kyejo ulitoa lava takriban miaka 200 tu iliyopita. Katika udongo huo viazi vinaota hadi ukingoni mwa lami, kisha pareto, kisha msitu. Kuelekea Isongole ukungu ulishuka nikawa sioni gurudumu la mbele. Baridi ya Julai huko juu si ya wastani hata kidogo, waliosema hivyo walikuja mwezi mwingine. Nilivaa kanzu juu ya koti.

Karibu na Isongole ndipo inapochepuka njia ya kwenda Ngozi, mlima wenye ziwa ndani ya shimo lake. Vijana wakanizunguka wakitaka kuniongoza. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Vitabu vya fiqhi vinatoa mfano wa mtu aliyekodi mnyama kwenda mahali fulani akapitiliza: kuanzia hapo yeye ni mdhamini wa kila litakalompata mnyama. Mimi nilikodi baiskeli kwa barabara kuu. Kuipeleka Ngozi ni kupitiliza, na kuwaachia vijana nisiowajua ni kubaya zaidi. Nikawaaga.

Laiti ningeendelea na uangalifu huo. Baada ya Isongole barabara inaanguka kuelekea Kiwira, na mimi, baada ya siku sita za kupanda, niliiacha ianguke nayo. Ukungu ukafunguka, mashamba ya chai na migomba yakajitokeza chini, hewa ikawa laini na yenye harufu ya majani mabichi, nikasahau kila kitu. Kisha kona. Nikabana breki, nikasikia chuma kikisaga rimu. Mpira wa nyuma ulikuwa umekwisha. Ule wa mbele pekee haukutosha. Nikashusha miguu chini, nikapoteza kiatu kimoja, nikaingia kwenye mtaro na kusimama kifuani mwa tuta la udongo mweusi. Baiskeli ilipata mkwaruzo, mimi goti. Mbele ya tuta kulikuwa na bonde. Nilikaa pale nikitetemeka, na kilichonichoma si goti. Kasoro ile niliiandika mwenyewe daftarini, kwa mwandiko wangu, kisha nikasafiri juma zima bila kununua mpira ambao fundi baiskeli wa kijiji chochote anao.

Nilitembea hadi Kiwira nikiikokota. Fundi alibadili mipira yote minne na kunyoosha mkono wa breki. Niliulizia bei, nikalipa kutoka mfukoni mwangu.

Nilifika kwa mzee jioni, nje kidogo ya Tukuyu, mvua nyepesi ikinyesha. Kule hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata kiangazi hakikosi manyunyu. Maji yanatiririka kila upande. Nilimkumbuka yule mwenzangu wa Ngazidja, ambaye kwao mvua ni nyingi lakini hakuna mto wa kudumu. Lava inayameza maji, na watu wanakinga ya bati katika mabirika. Moto ni ule ule, riziki mbalimbali. Nilisalimu kwa "Mugonile" niliyofundishwa na fundi, na mjane akaitikia huku amepiga goti. Alipoiona baiskeli hakusema neno, alikwenda jikoni.

Nilimweleza mzee habari ya mtaro kabla ya kunywa chai. Alipapasa mkwaruzo kwa kidole gumba, akauliza, "Na goti?" Nikahesabu fedha za kodi mbele yake na mbele ya imamu wa msikiti wao. Sudusi yake na thumni ya mkwewe walizirudisha kwenye fungu la watoto hapo hapo, nasi tukaandikiana.

Asubuhi yake, nikiwa sina tena mali ya mtu, nilipanda daladala kwenda kuona Daraja la Mungu, pale lava ilipoganda juu ya Mto Kiwira na maji yakatoboa njia chini yake. Nilikaa hadi Adhuhuri.

Niliporudi kuaga, yule mvulana alikuwa barabarani na baiskeli. Miguu haifiki kwenye pedeli akiwa juu ya kiti, kwa hiyo alipitisha mguu mmoja chini ya bomba, kama tulivyojifunza sisi sote, akawa anateremka upandeupande katika udongo mweusi, akipiga kengele bila kuacha, na dada zake wawili wakimkimbilia nyuma wakidai mafungu yao.