Sauti Nene Kutoka Darajani

Katika arusi za Buyenzi, hapa Bujumbura, gitaa la besi ni mfano wa msingi wa nyumba. Aingiaye husifu dari na kuta, wala haulizi habari za msingi mpaka nyumba itikisike.

Jambo hilo tulilikumbuka pale mwana wa marehemu kaka yetu alipotujia na gitaa la baba yake, naye amekwisha kupata mnunuzi. "Baba mdogo," alisema, "gitaa hili limekufa. Sauti yake ni ya mbu."

Hatukumlaumu. Gitaa hilo limeundwa kwa mfano wa Jazz Bass, ambalo kampuni ya Fender ya Marekani ililitoa mwaka 1960 likiwa na pikapu mbili, moja upande wa shingo na nyingine karibu na daraja. Msomaji asidhani kwamba twasema habari za gari la mizigo. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Huupokea mtikisiko wa uzi na kuugeuza kuwa umeme. Ile ya shingoni ilikuwa imekatika waya ndani, na fundi alishindwa nayo. Ilibaki ya darajani peke yake.

Tuliomba siku tatu kabla gitaa halijauzwa. Sisi ni walimu wa lugha, si mafundi wa umeme. Lakini tulimsikiliza kaka yetu kwa miaka mingi, na ilituuma kuona chombo chake kikitoka nyumbani kwa aibu.

Kwanza tulikosea. Tulizungusha kitufe cha besi cha amplifaya hadi mwisho, na spika ikakoroma tu. Uzi mnene kuliko wote hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haina kifua cha kuubeba mtikisiko huo. Kisha tukachukua bisibisi, tukaipandisha pikapu mpaka ikakaribia kugusa nyuzi. Sauti ikakua, lakini ikayumba, kwa kuwa sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi na kuuzuia kucheza sawasawa.

Ndipo tukaacha kushindana na chombo, tukatafuta sababu. Uzi umeshikwa darajani, na hapo hauna nafasi ya kucheza. Ule mtikisiko mkuu, utoao sauti nene, ni mpana katikati ya uzi na mdogo sana karibu na daraja. Huko milio midogo ya juu ndiyo isikikayo zaidi. Basi pikapu ya darajani haisemi uongo. Yaeleza kile ilichokisikia mahali ilipowekwa. Wapigaji wa umuduri katika nchi yetu walilijua jambo la namna hii zamani: uzi wao ni mmoja, lakini hukisogeza kibuyu kifuani, wakikifunga na kukifungua, na sauti hubadilika.

Tulipolitazama gitaa kwa makini tuliona alama. Rangi ya mbao ilikuwa imelika mahali pamoja, karibu na mwisho wa shingo, hapo alipozoea kaka yetu kuegemeza kidole gumba. Kijana yeye alikuwa akipigia darajani kabisa, kwa ncha za vidole. Tulimwambia aweke mkono pale palipolika, apige kwa nyama ya kidole. Tukapunguza kitufe cha gitaa kinachotawala ukali wa sauti hadi karibu nusu. Tukaishusha pikapu, tukaiacha juu kidogo tu upande wa nyuzi nene. Besi ya amplifaya tukairudisha katikati. Nyuzi kuukuu hatukuzibadili, maana nyuzi mpya huongeza mlio wa chuma.

Hatutasema kwamba sauti ya zamani ilirudi. Pikapu moja haifanyi kazi ya mbili. Lakini sauti ilipata mwili. Mama yake, aliyekuwa akichagua mchele uani, aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akaendelea na kazi yake bila ya kusema neno. Kijana alimwona. Mnunuzi alipokuja siku ya tatu, aliambiwa kwamba gitaa haliuzwi.

Tumewasimulia walimu wenzetu habari hii kwa sababu darasani nako tunakutana na sauti nyembamba. Aghalabu sisi humpandishia mwanafunzi sauti yetu, au husema kwamba hafai, kabla ya kuuliza tumemweka wapi na tunamsikiliza kutoka wapi. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Majembe mabovu yapo, nasi hatukatai. Lakini kabla ya kulitupa jembe, yafaa tuutazame mpini, tuone mkono wa aliyetutangulia ulishika wapi.