Yai la Bata

Yai ni zawadi, lakini vile vile ni hesabu. Lina ute, kiini na ganda, na hakuna hata kimoja katika hivyo kitokacho hewani. Bata hawezi kutoa asichopata. Walakini mfugaji aonapo mayai yamepungua, au yamekuwa madogo, mara nyingi humhukumu ndege kwanza. Uchunguzi huja nyuma, na pengine huja baada ya kisu.

Hukumu hiyo si jambo dogo. Mjane anunuaye madaftari ya mwanawe kwa fedha ya mayai hana nafasi ya kukosea. Akimchinja bata asiye na hatia, hula nyama siku moja na kujuta mwaka mzima.

Yako mapungufu yaliyo maumbile. Bata mwenye vinundu vyekundu usoni, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, hatagi mfululizo. Hutaga mayai yake, kisha huyaatamia kwa muda wa siku 35, na katika siku hizo hatoi yai jingine. Amdaiye mayai wakati huo ni sawa na mtu adaiye mavuno kwa shamba lililopandwa jana. Bata anyonyokaye manyoya naye hupumzika, kwani manyoya na ute hujengwa kwa protini, na mwili hutanguliza vazi kabla ya uzazi. Bata kijana huanza na mayai madogo. Bata mzee hutaga machache. Katika haya hakuna mkosaji.

Yako mengine yatokanayo na mahali. Mwezi wa Desemba mchana wa London hufupika hata ukawa kiasi cha saa 8, na bata wa huko huweza kuacha kutaga kwa uchache wa nuru. Mfugaji wa Tanga au Unguja hana udhuru huo, maana mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima. Yeye hana budi kutazama chombo cha chakula, maji na kivuli.

Pumba na machicha ya nazi hujaza tumbo, lakini peke yake hayatoshi kujenga yai. Bata hutaka dagaa, konokono na wadudu. Ganda hutaka chokaa, nayo hupatikana katika makombe ya pwani yaliyopondwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa yai ni maji. Basi beseni kavu ni adui wa yai. Jua kali humpunguzia bata hamu ya kula, na alaye kidogo hutaga kidogo. Mbwa amkimbizaye, au banda libadilishwalo ghafula, humtia hofu, na hofu haipatani na utagaji.

Tena huenda mayai hayakupungua kabisa. Bata hupenda kuficha kiota kichakani, na kenge hujua njia ya huko kuliko mwenye bata.

Kwa hiyo mfugaji mwadilifu hutazama umri wa bata wake, manyoya yake, kiota chake, chakula chake na maji yake, ndipo aseme neno. Akikuta kasoro ya maumbile, husubiri. Akikuta kasoro ya mkono wake, huitengeneza. Bata hana ulimi wa kujitetea barazani. Ushahidi wake ni yai, na asiyejua kulisoma hana haki ya kutoa hukumu.