Uzi Mmoja Uliozidi

Huu ndio mwaka wangu wa mwisho kuandika katika kurasa hizi, na nimeona nisiondoke kabla ya kuwasimulia yaliyonipata likizo ya Desemba mwaka wa 2024.

Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Pili, fomu ya kuchagua masomo i mkononi. Hapa kwetu, kama mjuavyo, Sanaa na Fizikia yamewekwa katika kipindi kimoja cha ratiba. Ukilishika moja, umeliachilia jingine. Mimi nimependa kuchora tangu chekechea. Fizikia nayo naipenda, ingawa nikisema hivyo bwenini wenzangu huniangalia kama mtu aliyeshikwa na malaria. Baba alipoiona ile fomu hakupoteza wakati.

"Fizikia," akasema. "Ama unataka kula rangi?"

Mama alinyamaza. Nikaikunja fomu, nikaitia ndani ya daftari la Hisabati na kwenda nayo Machakos kwa Susu, yaani nyanya yangu, nikitumaini kwamba huko itajijaza yenyewe.

Susu husuka viondo. Huketi chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, katani anaisokota pajani, na mdomo haukomi kusimulia. Siku ya tatu akaja binamu yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi, amebeba kipakatalishi mgongoni mithili ya mama aliyembeba mtoto. Alikuwa na kazi ya likizo. Kumbe chuoni kwao kuna somo ambalo wanafunzi wa tarakilishi na wale wa usanifu huketi darasa moja, na mhadhiri huwapa kazi za wawili wawili. Likizo hiyo kila mmoja aliambiwa atafute ufundi wa kwao, aueleze kwa hesabu, kisha aifundishe tarakilishi kuuchora.

Walitumia programu iitwayo Processing. Binamu alinieleza kwamba ilianzishwa mwaka wa 2001 na Casey Reas na Ben Fry, waliokuwa wanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, ili wachoraji wajifunze kuandika programu bila kuogopa. Haiuzwi, hutolewa bure. Mwalimu wao alikuwa John Maeda, ambaye alisomea uhandisi papo hapo MIT kisha akaenda kusomea usanifu Japani. Maeda naye alikuwa ametengeneza programu yake ya kufundishia mwaka wa 1999, ambayo uwanja wake wa kuchorea ulikuwa nukta 100 kwa 100 tu, bila rangi ila nyeusi, nyeupe na kijivu. Niliposikia habari za huyo mtu aliyesoma yote mawili, nilitamani Baba angekuwa karibu.

Basi binamu akachagua kiondo. Lakini hebu niwaeleze kwanza kiondo husukwaje, maana wengi wetu tunakijua cha kubebea sukumawiki tu. Kuna nyuzi za kusimama, na kuna nyuzi mbili zinazozizunguka zikipishana, tuseme nyeusi na nyeupe. Kwenye uzi huu wa kusimama nyeusi huwa mbele, kwenye unaofuata nyeupe, hivyo hivyo hadi unazunguka na kurudi ulikoanzia. Ikiwa nyuzi za kusimama ni shufwa, nyeusi itakalia nyeusi, nawe utapata mistari iliyosimama wima hadi mdomoni. Zikiwa witiri, nyeusi itakalia nyeupe, na kiondo kitatoka madoadoa kama ubao wa drafti. Nilikuwa na miaka tisa nilipoongeza uzi mmoja kwa uzembe, na Susu akanifanya nifumue jioni nzima.

Binamu alitaka mistari. Akapata drafti. Aliisoma programu yake juu chini, chini juu, tangu asubuhi hadi kuku wakaanza kuingia bandani. Nikachungulia begani kwake.

"Kaka, una uzi mmoja umezidi."

Akacheka. "Nyuzi ni 100. Nimeziandika mwenyewe."

"Hebu zihesabu."

Akahesabu. Alikuwa ameiambia tarakilishi ianze na 0 iende hadi 100. Wasomaji, kutoka sufuri hadi mia ni namba 101! Alijipiga kofi la paji la uso hadi mbwa akashtuka. Akabadilisha ikome kwenye 99, na ile mistari ikasimama wima kama gwaride la Madaraka.

Baada ya hapo aliniachia mashine. Nikaweka rangi tatu. Unagawanya namba ya kila fundo kwa tatu, na baki ndilo linalochagua rangi. Nyuzi 99 zilitoa mistari iliyonyooka. Nyuzi 100 zilibakisha moja, na rangi zikasogea hatua moja kila mzunguko, zikakipanda kiondo kama ngazi. Baki nilifundishwa shule ya msingi nikadhani ni kitu cha kutupa. Nilicheza nayo hadi betri ikazima.

Susu tulimwonyesha kesho yake. Akakitazama kile kiondo cha kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Ni kizuri," akasema. "Kitabeba viazi?" Kisha akamgeukia binamu. "Na hiyo sufuri ni uzi gani? Mimi huanza na uzi."

Sina hakika kama alikuwa anatania. Jambo moja nilikubaliana naye kimoyomoyo: cha tarakilishi kilinyooka kupita kiasi. Vyake huegemea kidogo mahali mkono ulipochoka, na mimi huvipenda hapo hasa.

Binamu alipata alama nzuri. Aliniambia kwamba mwanzoni wenzake wa tarakilishi waliwadharau wale wa usanifu, ati hao ni wa kupaka rangi tu, hadi kazi zilipowashinda.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia Baba yote, hata habari za Maeda. Alisikiliza, naapa alisikiliza. Halafu akauliza kama ratiba ya shule imebadilika. Haikuwa imebadilika. Nikajaza Fizikia.

Nililia kidogo, sitawaficha. Sanaa naifanya Jumamosi alasiri, na mwalimu akiturusu kuingia chumba cha tarakilishi huchora kwa namba. Desemba ya 2025 nilimwomba Susu anisukie kiondo cha rangi tatu chenye nyuzi 100. Alinung'unika kwamba ninamharibia jina, kwamba watu watadhani ameanza kukosea hesabu, lakini alikisuka. Njooni bweni letu mkione. Kinapanda kama ngazi.