Picha Tuliyoiacha

Jirani zetu hapa Morogoro wamezoea kutuona Jumamosi alfajiri tukipanda njia ya Morningside, mume na mke, tumebeba darubini, daftari na kamera. Mwanzoni walidhani tumepata shamba mlimani. Tulipowaambia kwamba tunakwenda kutazama ndege, walicheka sana. Muuguzi mzima, aliyetoka zamu ya usiku, anaacha kulala kwa ajili ya ndege!

Mambo yalianza mwaka 2019, baba watoto alipoambiwa kuwa shinikizo la damu limepanda na ni lazima atembee. Kutembea bila sababu kulimchosha. Siku moja tukasimama kumtazama chozi akinyonya maua, na tangu hapo sababu ikapatikana. Tukanunua daftari, tukawa tunaandika kila ndege mpya kwetu: tarehe, mahali, rangi, umbo la mdomo na sauti. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, kwa hiyo kazi hii haiishi.

Makosa mengine yalituchekesha. Tuliandika aina mbili za chozi, mmoja anayemetameta na mwingine wa kijivujivu. Kumbe walikuwa mume na mke! Kwa chozi wengi dume ndiye avaaye mapambo. Jike huvaa nguo ya kazi, kwani ndiye anayelalia mayai kwa muda wa wiki mbili hivi, na rangi ile humficha.

Kosa moja halikuchekesha. Tulipopata kamera, tukaanza kupenda picha kuliko ndege mwenyewe. Chozi alikuwa amejenga katika mkomamanga nyuma ya nyumba, kiota kinaning'inia kama kifuko, kimefungwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni. Binti yetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyekigundua, akatuonyesha kama siri. Majani yalituziba. Tukayakata machache tu, tukapiga picha nzuri sana ya makinda wawili wameachama midomo.

Kesho yake kiota kilikuwa kimechanika na makinda hawapo. Huenda ni kunguru, lakini majani tuliyoyakata ndiyo yaliyokuwa yakiwaficha. Binti yetu hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Ningejua, nisingewaonyesha." Kwa miezi mingi hakutaka kufuatana nasi, na alipoona kitu bustanini alinyamaza.

Akina mama wenzetu, neno hilo lilituchoma. Wodini tunavuta pazia kabla ya kumfunua mgonjwa. Nyumbani kwetu wenyewe tulishindwa kumwachia kiumbe mdogo pazia lake la majani. Tulimwomba mtoto radhi bila kujitetea. Alisema ametusamehe, lakini kutuamini tena kulihitaji muda.

Mwaka uliofuata, juu ya Morningside, tulimwona ndege tuliyemtafuta siku nyingi: chozi wa Loveridge, ambaye haishi popote duniani ila katika milima hii ya Uluguru. Ana jina la Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekusanya wanyama hapa nchini enzi za Tanganyika. Humo humo Uluguru yumo ndege mwingine aliyetangazwa kwa wataalamu mwaka 1938 na Reginald Moreau, akampa jina la mkewe, Winifred. Baba watoto hupenda kutukumbusha habari hiyo, ingawa hajapata ndege wa kumpa mkewe!

Siku hiyo jike alitua hatua chache mbele yetu. Kamera ikainuliwa. Ndipo tukaona utando wa buibui mdomoni mwake. Alikuwa anajenga, na kiota hakikuwa mbali. Tukatazamana. Kamera ikashuka, tukarudi nyuma polepole.

Jioni binti yetu akauliza, "Picha iko wapi?"

"Tumeiacha. Alikuwa anajenga."

Akachukua daftari, akasoma ukurasa ule, akalirudisha bila neno. Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, tulimkuta sebuleni amekwisha kuvaa viatu.

Sasa tunakwenda watatu, na mara nyingine na watoto wa shule ya Jumapili. Ukitaka kuanza, mama, huhitaji fedha nyingi. Toka mapema, vaa nguo zisizong'aa, nyamaza, andika unachokiona. Ukikuta kiota, kaa mbali wala usikate jani. Usimwite ndege kwa kumpigia sauti yake kwenye simu, maana ataacha kazi yake akidhani amevamiwa.

Picha ile ya makinda hatujaifuta, wala hatujaitundika ukutani. Chini ya jina la chozi wa Loveridge, mahali pa picha bado ni peupe. Ukurasa huo ndio binti yetu huwaonyesha wageni.