Dawa Niliyopewa Iliondolewa, Nami Nilikuwa Nimepona

Katika jaribio lililofanyika kwetu Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Kivu Kaskazini nchini Kongo, dawa nne za Ebola zilishindanishwa, na mimi kura ilinipangia remdesivir. Agosti 2019 ikatangazwa kwamba mbili kati ya zile nne zisitolewe tena. Yangu ilikuwa mojawapo. Wakati huo nilikuwa nimeshapona na kurudi kwenye meza yangu ya vitenge sokoni Butembo. Kanisani walikuwa wakiniita mbele nitoe ushuhuda, nami nilisema kwamba Mungu aliniponya kwa mikono ya waganga na kwa dawa ile. Baada ya tangazo, watu wakaniuliza, tena bila ubaya wowote: dawa yako imeondolewa kwa sababu imeshindwa, sasa wewe ulipona kwa nini?

Swali hilo ndilo lililonitoa sokoni likanipeleka shule ya maabara. Leo ninavaa koti jeupe, na jibu langu limekuwa refu kuliko dakika tano za mbele ya kanisa.

Wasiokuwapo wajue hali ilivyokuwa. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walihesabiwa 3,470, na waliofariki 2,287. Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa, na sababu moja iliyotolewa ilikuwa Ebola, huku nchi nzima ikipiga kura. Wengi kwetu wakaapa kwamba ugonjwa huu ni siasa, na kwamba riposti, kama tulivyowaita watu wote waliokuja kupambana na mlipuko, ni biashara ya magari na dola. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili, Daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Mimi niliugua katika miezi hiyo, baada ya kumuuguza mama mkubwa nyumbani.

Muuguzi alinisomea karatasi kwa Kiswahili. Jaribio lilikuwa na jina letu: Pamoja Tulinde Maisha. Alinieleza kwamba dawa ni nne, kwamba hakuna anayejua ipi ni bora, kwamba kura ndiyo itakayoamua, na kwamba nikikataa nitahudumiwa vilevile. Nikatia sahihi. Kila siku nikatundikiwa serumu yenye dawa. Mama kijana wa Katwa aliyelala kitanda cha jirani alipewa kingamwili, serumu moja tu ya dawa, basi. Tulikuwa tukisemezana usiku. Alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akilelewa na wanawake waliopona kabla yetu. Yeye aliyepata dawa ambayo baadaye ilishinda alifariki. Mimi niliyepata iliyoshindwa ninaandika haya.

Kwa muda mrefu sikuwa na namna ya kuyabeba mambo hayo mawili pamoja. Kilichonisaidia ni hesabu, na nitaiandika hapa kwa sababu watu wetu waliilipia kwa miili yao. Walioingia katika jaribio walikuwa 681. Waliopewa remdesivir na kuhesabiwa walikuwa 175, na siku 28 zilipotimia 93 walikuwa wamefariki. Waliopewa kingamwili ya mAb114 walikuwa 174, wakafa 61. Waliopewa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, walikuwa 155, wakafa 52. ZMapp, dawa ya nne, iliua matumaini karibu sawa na yangu: nusu ya waliopewa walifariki. Wagonjwa waliofika na virusi vichache mwilini walinusurika kuliko wote. Kati yao waliopata mAb114, kumi hivi kwa mia ndio waliofariki. Kati yao waliopata remdesivir, ishirini na tisa. Na kila siku ambayo mgonjwa alichelewa nyumbani ilizidisha hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 11.

Kwa hiyo mimi ni mmoja wa wale 82 waliobaki. Huenda ningepona hata kwa maji, chumvi na uangalizi wa wauguzi peke yake. Huenda dawa ilinisaidia kidogo. Mwili wangu mmoja hauwezi kujibu, na wa yule mama wa Katwa hauwezi pia. Wanaojibu ni watu 681 wakiwekwa pamoja. Namshukuru Mungu kwa uhai wangu kama zamani, tena kwa sauti kubwa zaidi, lakini sisemi tena kwamba dawa fulani ndiyo iliyoniponya.

Nilipoanza masomo, kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni remdesivir ilitoka wapi. Nilidhani dawa hubuniwa na mtu mwenye akili nyingi anayekaa na kuwaza. Kumbe mara nyingi hupatikana kwa mchujo. Kampuni ya Gilead ya Marekani ilikuwa na akiba ya kemikali kama elfu moja za aina moja, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya virusi vya homa ya ini na vya mapafu. Zikapelekwa kwa taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, USAMRIID, iliyoko Fort Detrick, Maryland, ambako virusi vya Ebola hai vinaweza kushikwa kwa usalama, na pia kwa wataalamu wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa.

Mchujo wenyewe unafanyika hivi. Seli za binadamu hukuzwa ndani ya kisahani cha plastiki chenye mamia ya vishimo, mara nyingi 384. Kila kishimo hupewa kemikali yake au kipimo chake, kisha virusi hutiwa. Baadaye seli huloweshwa kwenye formalini ili virusi vife, na kutiwa rangi zinazong'aa: moja inashika kiini cha seli, nyingine inashika protini ya virusi. Hadubini inayojiendesha hupita kishimo baada ya kishimo ikipiga picha, na programu ya kompyuta huhesabu seli ngapi zimo, ngapi zimeambukizwa, ngapi zimekufa kwa ukali wa dawa yenyewe. Mama zetu wanaochambua maharagwe kwenye ungo wangeielewa kazi hiyo mara moja. Kishimo chenye seli nyingi hai na virusi vichache ndicho kinachofuatiliwa, na hivyo ndivyo ile iliyoitwa kwanza GS-5734 ilivyochomoza kati ya wenzake. Ikajaribiwa kwa kima walioambukizwa siku tatu kabla, nao wakaishi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Miaka miwili baadaye chupa zake zilikuwa Beni.

Nilipoziona picha hizo mara ya kwanza kwenye kompyuta ya mwalimu nilikaa kimya muda mrefu. Katika maabara ninayofanyia kazi tuna GeneXpert, mashine iliyotuokoa wakati wa mlipuko. Unaweka damu iliyoandaliwa ndani ya kibweta, na baada ya muda usiofika saa mbili inakupa jibu na namba inayoonyesha virusi ni vingi kiasi gani. Seli yenyewe huioni. Pale niliona seli moja moja, zilizovamiwa na zilizonusurika, na nikaelewa nini kilikuwa kikitokea ndani yangu nilipokuwa nimelala nikiomba maji.

Hata hivyo picha ile ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulipimwa kwetu. Kwenye kishimo hakuna figo zinazofeli, hakuna kuhara kunakomaliza maji, hakuna mgonjwa aliyefichwa nyumbani wiki nzima kwa kuogopa riposti. Kima wa Fort Detrick walipewa dawa kwa siku iliyopangwa. Sisi tulifika tulivyofika. Naamini kabisa katika mchujo wa picha, ndiyo maana ninausomea, lakini nataka anayeuuza na anayeununua wakumbuke kwamba jibu la mwisho kuhusu remdesivir na Ebola lilitolewa Kivu Kaskazini, na watu waliotia sahihi huku nje kukisikika risasi.

Zile kingamwili mbili zilipita njia nyingine. REGN-EB3 ilitoka kwa panya ambao kampuni ya Regeneron iliwabadilisha chembe za urithi ili watengeneze kingamwili za kibinadamu. Kisa cha mAb114 kinanigusa zaidi kwa sababu kilianzia hapa Kongo. Mwaka 1995, Ebola ilipoua zaidi ya watu 240 Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, wakapona 7. Wataalamu wengi wa nje hawakukubali, kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Nilikuwa nikikasirika niliposoma hayo. Sasa naona kwamba wale 7 walikuwa ushuhuda kama wangu: wa kweli, wenye uzito, lakini usiotosha. Tofauti ni kwamba Profesa hakuliacha wazo lake. Miaka kumi na mmoja baada ya Kikwit, damu ya mmoja wa walionusurika ilichukuliwa kwa utafiti. Seli zake za kumbukumbu zikakuzwa na kuchujwa Bellinzona, Uswisi, kwa ushirikiano na taasisi ya afya ya Marekani, NIH, hadi ikapatikana kingamwili moja iliyoweza kuwaokoa kima peke yake, hata ikitolewa siku ya tano. Muyembe huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa viongozi wa jaribio letu, mara hii likiwa na makundi manne ya kulinganisha.

Sasa nije kwenye soko la mashine na dawa hizi. Hadubini moja ya mchujo inaweza kugharimu mamia ya maelfu ya dola, bila kuhesabu kemikali za rangi, programu na fundi wa kuitengeneza. Wanunuzi wakubwa ni kampuni za dawa na vyuo vikuu vya nchi tajiri, na mwenye mashine ndiye anayeamua ni ugonjwa gani utiwe kwenye vishimo. Saratani na kisukari zina wanunuzi. Ebola mnunuzi wake mkubwa ni serikali ya Marekani, inayoogopa virusi vitumike kama silaha. Julai 2020 ilikubaliana na Regeneron kununua akiba ya REGN-EB3, leo Inmazeb, kwa mkataba wa dola milioni 345 hivi. Inmazeb iliidhinishwa huko Oktoba 2020, na mAb114, leo Ebanga ya kampuni ya Ridgeback, Desemba mwaka huohuo. Na remdesivir yangu? Korona ilipokuja, Gilead iliiuza kwa serikali za nchi zilizoendelea kwa dola 390 kwa kichupa, dola 2,340 kwa mgonjwa wa matibabu ya siku tano. Usalama wake kwa binadamu ulikuwa umeshajulikana kwa sehemu kutokana na wagonjwa kama mimi. Siwaonei wivu waliopona korona kwa msaada wake. Ninasema tu kwamba katika hesabu za soko hilo sijawahi kuona mstari wenye jina la Butembo.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiitupe dawa yangu. Kingamwili ni kubwa, haziingii kwa urahisi ndani ya jicho, ubongo au korodani, na huko virusi vinaweza kujificha. Baadhi yetu tuliopona tulipata uvimbe ndani ya macho. Mimi nilifuatiliwa kwa jicho la kushoto kwa muda mrefu. Mwaka 2021 watafiti walieleza katika jarida la kitabibu kisa cha mtu wa eneo letu aliyetibiwa kwa mAb114 akapona, na baada ya miezi sita hivi ugonjwa ukamrudia ukazaa mnyororo wa wagonjwa 91. Nakitaja kwa tahadhari, kwa sababu majirani wengine walikitumia kutukimbia. Kurudiwa ni nadra sana. Lakini ndiyo sababu tunahitaji molekuli ndogo zinazopenya ndani ya seli, na molekuli za namna hiyo ndizo mchujo wa picha unazotafuta. Ndugu yake remdesivir wa kumeza, obeldesivir, ameshawakinga kima dhidi ya Ebola. Ni kidonge ambacho mama kama yule wa Katwa angeweza kukimeza nyumbani siku ya kwanza, bila serumu na bila kupandishwa gari la riposti.

Siku hizi nachukua damu ya waliopona kwa ajili ya utafiti. Wengi wananifahamu tangu nilipokuwa muuza vitenge, hunyoosha mkono bila hofu. Kabla ya kuweka sindano nawaeleza chupa inakwenda wapi, seli zao zinaweza kukuzwa na kupigwa picha na nani, na kwamba wana haki ya kukataa. Karibu kila mara nasikia swali lilelile: «Yaya, wakipata dawa humu, itarudi Butembo, na kwa bei gani?» Fomu ya ridhaa ina kurasa kadhaa, na hakuna mstari unaolijibu. Nimeandika mstari huo kwa Kiswahili na Kifaransa, nimeupeleka kwenye kikao cha utafiti, na nimewaambia wakubwa wangu kwamba nataka ujazwe kabla ya mkusanyo ujao kuanza.