Iko na Kila Kitu

Simu yangu ilinyakuliwa Ngara, saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimekwama kwenye msongamano, matatu kulia, matatu kushoto, chakula cha mteja kwenye sanduku nyuma ya pikipiki. Simu ilikuwa kwenye kishikio chake pale kwenye usukani, ikinionyesha njia. Kijana mmoja akaja akivuka barabara kama watu wote wanavyovuka, akaichuma kama embe, akaendelea kuvuka. Hata hakukimbia.

Kilichonishtua kwanza si bei ya simu. Nilishtuka kugundua kwamba sijui ninakokwenda. Jina la mteja, nambari yake, nyumba yake, vyote vilikuwa ndani ya ile simu. Nilijua tu ni upande wa Pangani. Nikasogeza pikipiki kando, nikafungua sanduku, nikala kuku wa watu. Pesa zake nilikatwa baadaye.

Shuleni tulifundishwa majina matatu: rununu, shajara, ramani. Vilikuwa vitu vitatu. Siku hizi ni kitu kimoja, na kwa mtu anayepeleka mizigo Nairobi, kitu hicho ndicho kazi yenyewe. Pikipiki unaweza kuazima. Wateja wengi wa mji huu hawana anwani, wana maelekezo: "Ukifika steji, shuka na barabara ya vumbi, utaona duka la M-Pesa, usiingie hapo, ingia inayofuata, geti nyeusi. Kuna geti mbili nyeusi. Ukifika nipigie." Bila ramani hufiki steji. Bila simu huvuki geti. Bila orodha ya siku hujui nani anafuata.

Laini niliirudisha kesho yake. Jirani akaniazima kabambe yake, hizi zenye tochi tunazoziita mulika mwizi. Niliona jina limechelewa siku moja. Nikawa nabeba abiria mtaani badala ya mizigo, nikikusanya pesa ya simu nyingine, nikidhani hasara yangu nimeshaijua yote.

Mama ana kisukari. Anajidunga insulini, na macho yake yameanza kuingia ukungu, kwa hivyo maandishi madogo ya kadi ya kliniki hayamfai tena. Miaka miwili nyuma nilimwambia asijisumbue: "Mama, hizo tarehe niachie mimi." Nikaziweka kwenye simu na kengele mbili, moja siku mbili kabla ya kliniki, nyingine asubuhi ya siku yenyewe. Hatukukosa hata mara moja. Watu wa ploti wakawa wananisifu, msichana anakumbuka mamake. Kumbe mimi sikuwa nikikumbuka chochote. Simu ndiyo iliyokuwa ikikumbuka, na hizo tarehe sikuwa nimezihifadhi mahali pengine popote. Tarehe 14 ilifika, ikapita, mimi niko steji nangoja abiria.

Mama naye hakuniambia dawa inaisha. Aliona nimeibiwa, akapiga hesabu ya nauli, akanyamaza. Akaanza kujidunga nusu ili dawa ifike mbali. Mama wa mlango wa pili ndiye aliyenipigia, usiku: "Njoo haraka, mama yako hajielewi." Hospitalini mashine ilionyesha sukari 26. Alilazwa siku tatu. Daktari aliniuliza kwa upole tu, "Kliniki ya mwezi huu hamkuja?" Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba kliniki ya mama iliibiwa Ngara?

Hivyo nilipofika Luthuli Avenue, shilingi 12,000 zikiwa ndani ya soksi, sikuwa nikitafuta simu nzuri. Nilikuwa nikitafuta simu ambayo siku ikiondoka itaondoka peke yake.

"Karibu siz," muuzaji wa duka la kwanza akaniambia. "Hii imeingia jana. Kamera tatu. Selfie yake, wacha tu."

"Nataka ya kazi. Naendesha pikipiki. Iko na GPS?"

Akanitazama mara mbili. "Iko na kila kitu."

Jibu hilo nililisikia maduka manne. Kamera ndiyo niliyoifuta kwanza kwenye orodha yangu. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilionya kwamba mtikisiko wa pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za simu zake zenye kifaa cha kutuliza picha. Kwa nini nilipie kitu ambacho barabara zetu zitakitingisha hadi kife?

GPS sikutaka kuambiwa. Nilitaka kuiona. Nilimwomba anipe simu nitoke nayo nje, yeye abaki na kitambulisho changu na helmeti yangu. Akakubali shingo upande. Watu wengi hudhani GPS inakula bando. Haili. Setilaiti zake ziko kilomita 20,000 hivi juu yetu, na simu haizitumii chochote, inazisikiliza tu. Ikisikia nne vizuri, inaweza kupiga hesabu iko wapi. Kinachokula bando ni picha ya ramani na habari za msongamano. Ukishapakua ramani ya Nairobi mahali penye Wi-Fi, unaweza kuzunguka mji siku nzima ukiwa na salio sifuri.

Lakini kuna simu zinazosikia na kuna viziwi. Intaneti huisaidia simu kujua mapema setilaiti zimekaa wapi angani. Ukizima data, simu inabidi ingoje setilaiti zenyewe zijieleze, nazo huongea polepole, kama nusu dakika hivi ukiwa uwanjani, na zaidi ya hapo ukiwa katikati ya majengo. Kwa hivyo nilizima data, nikasimama ukingoni mwa barabara, nikaanza kuhesabu. Simu ya kwanza ilichukua dakika tatu, kisha ikaniweka River Road. Majengo hurudisha mawimbi kama ukuta unavyorudisha sauti, na simu dhaifu huamini mwangwi.

Ya duka la pili ilinipata haraka, lakini mshale wake ulikuwa ukitazama popote unapotaka. Haikuwa na dira. Hili muuzaji hatakwambia, maana wateja hawaulizi: simu nyingi za bei ya chini hazina kile kipande kinachohisi kaskazini, kwa hivyo ukiwa umesimama haijui umeelekea wapi. Lazima kwanza uende ndipo ijue. Kwa mtu anayetembea si neno, atageuka. Mimi nikianza kwa upande usiofaa pale Thika Road, nitakwenda safari ndefu kabla ya kupata pa kugeukia, na chakula cha mtu kinapoa.

Duka la tatu walikuwa na simu ninayoitaka. Mpya, betri kubwa, dira iko, kioo kinasomeka juani. Pesa taslimu ilikuwa 19,000. Kwa mkopo, unalipa 3,000 leo, kisha shilingi 90 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 90 ni chai na mandazi. Nilizidisha kwenye kabambe ya jirani: 35,850.

Nisidanganye, hesabu hiyo peke yake haingenifukuza. Mtu asiye na pesa hununua kila kitu kwa bei ya juu, unga wa kupimiwa, mafuta ya kupimiwa, tumezoea. Kilichonifukuza ni kufuli. Ukikosa kulipa, simu inajifunga yenyewe. Mwenzangu mmoja ilimfungia Kayole, mzigo wa mteja uko nyuma, mvua inanyesha. Pesa ya kuifungua alitakiwa aitafute kwa kazi, na kazi ilikuwa ndani ya simu. Mwizi wa Ngara alinijia mara moja. Huyu angeweza kunijia usiku wowote nisiolipa, na ningekuwa nimemkaribisha kwa sahihi yangu.

Duka la nne lilikuwa kijichumba chini ya ngazi. Kijana wa pale hakusema iko na kila kitu. Alisema, "Madam, hii imetumika, kona imekwaruzika, lakini GPS yake iko sawa." Nikatoka nayo nje, nikazima data. Sekunde arobaini. Nikazungusha mkono, mshale ukazunguka nao. Nikalowesha vidole kwa maji ya chupa nione kama kioo kitanisikia siku ya mvua. Kikasikia kwa shida, lakini kikasikia. Kisha nikabonyeza *#06#, nikalinganisha nambari iliyotokea na ile ya kwenye boksi na risiti ya mwenyewe wa kwanza, maana sikutaka kununua Ngara ya mtu mwingine. Zililingana. Shilingi 11,000.

Nilikaa kibandani nikanywa chai, nikitumia Wi-Fi ya duka jirani kupakua ramani. Ilipokuwa ikishuka niliwaza jinsi vitu hivi vitatu vilivyo vigeni kwa kukaa pamoja. iPhone ya kwanza, ya 2007, haikuwa na GPS hata kidogo. Nokia N95 ya mwaka huo huo ilikuwa nayo. Hadi Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayopata raia, kipimo kikikosea hata kwa makumi ya mita, kisha siku moja ikaamua kuacha. Nayo Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani hadi 2009, vijana wa hapo hapo walipoanza kuzunguka na vifaa vya GPS wakiandika vichochoro, vyoo, shule na zahanati katika ramani huria ya OpenStreetMap. Watu walikuwa wakiishi pale miaka yote hiyo. Ni ramani ndiyo haikuwa ikiishi nao.

Kila sehemu ya hii simu, basi, ina mwenyewe. Kuna anayeshika mawimbi, kuna anayechora ramani na kuamua mtaa gani uonekane, kuna anayeshika kufuli, na kuna yule kijana wa Ngara. Sisemi tusizitumie. Bila hii sili. Ninachosema ni kwamba ukienda kuchagua, usiulize tu inaweza nini siku ikiwepo. Uliza siku ikikosekana, nani ataumia.

Kwangu jibu lilikuwa moja, kwa hivyo nililitoa ndani ya simu. Duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani hugawa kalenda kubwa ya ukutani kila Desemba, na yetu ilikuwa imeviringishwa juu ya kabati tangu mwaka uanze. Niliitundika mkabala na kitanda cha mama. Nikanunua kalamu nene nyekundu, nikazungushia siku zote za kliniki hadi mwisho wa mwaka, duara kubwa la kipumbavu. Mama akasogea, akaweka kidole.

"Hili naliona," akasema.

Tarehe hizo hizo nimeziandika kwenye kijidaftari cha shilingi 30 kinachokaa ndani ya jaketi, pamoja na dawa zake, kipimo chake, na nambari sita za simu ambazo pia nimezikariri kichwani kama mtoto wa darasa la pili. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, na sasa naamini hata mgonjwa ni mali. Simuni tarehe ziko pia, na safari hii zinahifadhiwa kwenye akaunti yangu, zisipotee na chuma. Kengele bado hulia. Sasa hulia kunikumbusha. Kazi ya kukumbuka nimeirudisha nyumbani.

Mwezi uliopita mama alinipigia siku tatu kabla ya kliniki, kengele yoyote haijalia. Nilikuwa Lang'ata na mzigo, mbele ya mageti mawili meusi, mteja hashiki simu, ramani inaniambia nimefika.

"Wewe, Alhamisi ni kliniki. Usije ukaniambia hukujua."

"Najua, Mama."

"Unajua wewe, ama ni simu ndiyo inajua?"

Nilicheka hadi bawabu wa geti la kwanza akachungulia. Nikamwambia mama nitampigia baadaye, nikaitia simu mfukoni, nikamwuliza bawabu njia.